Mashine ya oksijeni isiyoharibika

Leo nimemsifia muuguzi, akaanza kulia.

Jamani, kazi yangu ni takwimu. Napita zahanati za huku Lindi kuangalia mashine za oksijeni zinadumu muda gani kabla ya kuharibika.

Moja tu, njia ya kwenda Rutamba, haijawahi kuharibika. Leo nikaenda kuiona.

"Shikamoo mama. Hongereni, mashine yenu ndiyo inayoongoza!"

"Marahaba mwanangu," muuguzi akasema.

Akanipeleka stoo. Mashine ipo, imefunikwa kanga.

"Siku ilipoletwa tuliiwasha, umeme ukakatika. Umeme wetu mdogo, hauiwezi. Tangu hapo haijatumika." Machozi yakaanza kumtoka. "Juzi tumempoteza mtoto mchanga hapo nje, tunasubiri gari la kumpeleka hospitali Lindi mjini."

Na mimi nimesimama na tabasamu langu.

Nikampigia bosi wangu. "Iondoe tu kwenye hesabu," akasema. "Inatuharibia wastani."

Sijaiondoa. Nimeandika: haijatumika, umeme hautoshi.

Mama yule akanisindikiza hadi kwenye pikipiki.

"Ukishaandika, watatuletea umeme?"

Nikamwambia sijui, mama.

Nyie mngemjibu nini?