Mwiko wa Maman Riziki

Kuna Jumapili moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mikono yangu inapoa hata leo. Nakaa hapa Rwimbogo, Rwanda, nachambua maharagwe, jua linawaka, na mikono inapoa. Jana ulipoanika ile jezi mpya ya njano kwenye kamba yangu, katikati ya mashuka, baridi ile ile ilinirudia. Uliniona nimesimama naitazama, ukadhani naipenda rangi.

Halafu jioni nikakusikia ukiwaambia wenzako kwamba baba yako si mzalendo. Eti timu ya taifa ikifunga goli, Papa anakaa kimya, mikono katikati ya magoti, kama mgonjwa anayengoja zamu. Mkacheka sana. Ukasema mechi hizi za kufuzu zikifika utavuka mpaka kwenda kuzitazama Bukavu, Kongo, na jezi yako mwilini, ili wakuone. Mimi shangazi yako sikucheka. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana, lakini wewe ni mtoto wa ndugu yangu, siwezi kukuacha hivyo.

Wewe umezaliwa ukaikuta timu yetu inafungiwa mlango kila mara. Kampeni ni ile ile: tunaanza na matumaini, katikati tunahesabu pointi kwa vidole, mwishoni tunaomba huyu afungwe na yule atoke sare, na Mungu ana kazi nyingine. Lakini mwaka mmoja tulifuzu. Vijana wetu waliwafunga majirani wa kaskazini huko huko kwao, kisha wakawafunga wakubwa wa Afrika Magharibi hapa nyumbani, tukaingia Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza. Mji wetu wa Kamembe siku ile! Wenye moto, zile pikipiki za kukodi, waliendesha bila abiria, honi tu. Mimi mwenyewe nilikumbatiwa na mwanamke niliyekuwa sisemi naye kwa ajili ya mpaka wa shamba.

Kisha tukapangwa kundi moja na Kongo.

Unapaswa kujua sisi ni akina nani ili uelewe nilivyoogopa. Babu yako alikimbilia Bukavu, tukazaliwa kule, tukajifunza kusali na kutukana kwa Kiswahili cha kule. Utotoni tulishangilia timu ya Zaire, ile yenye chui kifuani, na hakuna aliyetuuliza kitu. Tuliporudi Rwanda watu walituita Wazaire. Tukivuka kwenda kuuza mchele wa Bugarama, kule walituita Wanyarwanda. Na vita baina ya nchi hizi mbili vilikuwa vimepoa juzi tu, jivu likiwa bado na moto ndani. Kwa mtu wa namna hiyo mpira si mchezo. Kila goli linamuuliza: wewe wa nani?

Siku ya mechi nilitaka tubaki nyumbani. Baba yako hakukubali. Alikuwa kijana, kichwa kigumu kama chako (usinitazame hivyo, pua na kichwa umetoa kwake), na alitaka kuitazama mechi na vijana aliokua nao, wale waliokuwa wakimcheka kwamba nchi ndogo kama kiganja haichezi mpira. Nikamfuata. Nilisema nakwenda kumsalimia Maman Riziki, lakini nilikwenda kwa sababu niliogopa kumwacha aende peke yake.

Maman Riziki alikuwa jirani yetu wa tangu zamani, Mushi, wa kabila la wenyeji wa Bukavu, mama mnene mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mto. Alikuwa na mgahawa mtaa wa Nguba, pale juu ya daraja la mpakani la Rusizi ya kwanza, wenye mabenchi na televisheni. Baba yako alipozaliwa, nyanya yako aliugua na maziwa yakakauka. Maman Riziki alikuwa akimnyonyesha Riziki wake. Akampa huyu titi moja na yule jingine. Kwetu jambo hilo halimalizwi kwa kusema asante. Aliyekunyonyesha ni mama yako, na ana haki ya kukupiga mpaka siku ya ndoa yako na hata baada ya ndoa. Na mtoto anapopigwa na mama yake, jirani hatii mkono. Lishike hilo, maana ndilo lililotuokoa.

Mgahawa ulijaa mpaka dirishani. Kongo walikuwa wamekwisha kufungwa mechi zote za mwanzo, kwa hiyo watu hawakuja kufurahi, walikuja kutafuta kitu cha kupoza moyo. Kumfunga Mnyarwanda kungetosha. Mbele yetu alikaa kijana mmoja mwenye kovu shavuni, aliyekuwa akipiga meza kwa ngumi kila mpira ukipotea. Alinigeukia.

"Maman, weye uko wa wapi?"

"Niko wa Kadutu," nikamjibu. Haikuwa uongo, nilizaliwa mtaa huo huo wa Bukavu. Lakini nilijiona kama nimeiba.

Joto lilikuwa kali, watu wamevua mashati, na baba yako amekaa na koti limefungwa mpaka shingoni, jasho linamchuruzika. Nikashangaa. Alipoinama kufunga kamba ya kiatu nikaona ukosi wa jezi ya njano ndani ya koti. Nilimbana mkono nikamwambia sikioni, tutoke. Akanong'ona kwamba atakaa kimya, nisimwaibishe. Ningemburuta, lakini kuburutana kungetazamwa, na kutazamwa ndiko nilikokuogopa. Nikabaki nimekaa, nasali. Na unajua nilikuwa nasali nini? Nilikuwa namwomba Mungu timu yetu isifunge.

Ikafunga. Kipindi cha pili, watu wameanza kuchoka, mpira ukaingia. Nyumba nzima ikanyamaza kama imemwagiwa maji. Na katikati ya kimya kile baba yako akaruka juu, mikono yote miwili hewani, koti likafunguka, akapiga kelele: "Igitego!"

Hakusema "goli" kama tulivyosema utotoni. Alilisema kwa Kinyarwanda, na nafikiri hata yeye alishangaa lilikotoka. Akabaki amesimama, mikono juu, jezi ya njano wazi kifuani. Vichwa vyote viligeuka. Yule mwenye kovu alinyanyuka taratibu, akaishika chupa shingoni. Nakuambia kweli, nilimwona ndugu yangu amekufa.

Hapo kikasikika kishindo. Maman Riziki, aliyekuwa mlangoni akisonga bugali, alikuwa ameipiga teke mwenyewe sufuria kubwa ya maharagwe, mchuzi ukatapakaa sakafuni mpaka miguuni mwa watu. Akaingia na mwiko wake mkononi, ule mrefu wa bugali wa watu wengi, akampiga baba yako mgongoni kwa nguvu zake zote.

"Mujinga weye! Umeona maharagi yangu inamwangika juu yako! Nani alikufundisha kuruka-ruka mu nyumba ya bantu?"

"Maman," akasema yule mwenye chupa, "huyu iko Munyarwanda. Utuachie yeye."

"Nikuachie? Nilimunyonyesha mimi, na hii maziwa yangu! Iko mutoto yangu, namupiga mimi. Kama unataka kupiga mutoto, enda kwenu, piga wa kwako!"

Mtu mmoja akacheka. Kicheko kile, mwanangu, ndicho kilichofungua mlango. Wa pili akacheka, wa tatu akasema, "Maman, muongezee!" Yule kijana akabaki na chupa yake, hajui aiweke wapi. Maman Riziki alivua kitenge chake cha juu, akamfunga nacho baba yako kifuani kama mtoto wa mgongoni, jezi ikafunikwa, akamsukuma nje huku akiendelea kumchapa. Nikawafuata nikikimbia.

Alimpiga barabara nzima ya kushuka mpakani. Watu walitoka majumbani kuangalia. Kila tulipokutana na kundi la vijana wenye uso mbaya, Maman Riziki alipandisha sauti na kuongeza fimbo: "Pita mbele! Mutoto wa kuniletea haya!" Nao wakatupisha wakicheka. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, yeye hakuchelea. Karibu na daraja mwiko ulivunjika vipande viwili begani kwa baba yako.

Pale kwenye kizuizi cha mpakani Maman Riziki akasimama. Alikuwa anahema. Nilipomtazama nikaona analia, tena si machozi ya kuigiza.

"Bosco," akasema, sasa kwa sauti ya chini, "sikukupiga juu ya goli. Goli ni yenu, muliitafuta, muliipata. Nilikupiga juu ulicheka mu kilio. Mule ndani beko bantu balizika bandugu yao mu ile vita. Ukiingia mu nyumba kwenye beko banalia, unacheza ngoma?"

Baba yako akatikisa kichwa.

"Enda. Ukifika ng'ambo, piga kelele yako yote, hakuna mwenye atakukataza. Miye acha nirudi, nililie goli yangu."

Nikamwambia asirudi, tuvuke naye. Akanitazama kama nimesema upuuzi. "Nyumba iko wazi," akasema, akapanda barabara bila kitenge, kipande cha mwiko mkononi. Mpaka ulikuwa karibu kufungwa. Tukavuka.

Kamembe ilikuwa inacheza. Honi, filimbi, watoto juu ya mabega. Mtu alimshika baba yako mkono amwingize kwenye duara. Nilimwona akifungua kinywa ashangilie, na hakikutoka kitu. Akakaa kwenye ukingo wa barabara pale kituo cha mabasi, akageukia vilima vya Bukavu, mikono katikati ya magoti. Sasa unaujua ule ukaaji wake ulikoanzia.

Usiku ule hakulala mtu kwetu. Mpaka ulipofunguliwa asubuhi tulikuwa wa kwanza. Niliogopa kwenda zaidi ya nilivyoogopa jana yake, maana jana nilijua la kuogopa. Tulimkuta Maman Riziki anafagia vioo. Televisheni ilikuwa sakafuni, uso wake umepasuka. Mabenchi mawili hayana miguu. Mdomo wake ulikuwa umevimba upande mmoja.

"Nani?" akauliza baba yako.

"Televizyo ilianguka," akasema, akiendelea kufagia. Halafu akaona baba yako anaendelea kumtazama mdomo. "Na miye nilianguka. Mulikula?"

Hakusema zaidi ya hapo, siku ile wala mpaka alipokufa. Baba yako aliibeba televisheni yetu kichwani akavuka nayo daraja akampa, na sisi tukarudia redio. Miaka ilivyokwenda, macho ya Maman Riziki yakaingia ukungu mpaka akawa haoni tena. Basi kila Kongo walipocheza mechi ya kufuzu, baba yako alivuka, akakaa naye kwenye mkeka, akamsimulia mpira nani anao. Kongo wakifunga, yeye ndiye aliyesimama na kupiga kelele, kwa sauti ya kutikisa bati, ili mama ajue goli limeingia. Mwanangu, baba yako ana kelele. Hukuwahi kuzisikia kwa sababu alizipeleka alikokuwa na deni.

Sikiliza basi, wewe na wenzako mnaocheka. Sikukatazi kuipenda timu yako. Mtu asiyependa kwao atapenda wapi? Shangilia mpaka sauti ikauke, lakini shangilia ukiwa nyumbani kwenu. Ukiwa katika nyumba ya jirani, tazama kwanza kama kuna aliyefiwa, na huku kwetu, pande zote mbili za mto, daima yupo. Na yale matusi mnayotumiana kwa simu na vijana wa ng'ambo baada ya mechi, acheni. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Wewe unayatuma umelala kitandani. Atakayelipa ni mama fulani wa kule aliyewahi kusema wewe ni mtoto wake. Uliponisikia nikisema naogopa ulisema wazee tumezidi uoga. Sawa. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na mimi kilio nimekiona kwa karibu. Siku hizi naogopa zaidi kuliko wakati ule, kwa sababu Maman Riziki amelala kaburini na sijui kama kule mlangoni amesimama mwingine mwenye mwiko.

Jezi yako imekauka, nimeikunja, iko juu ya kitanda. Siku ya mechi ivae, ukae hapa na baba yako, na tukifunga ruka kadiri upendavyo; yeye mwache na mikono yake katikati ya magoti.

Mungu akujalie kuiona timu yetu ikifuzu tena ningali hai kukusikia ukipiga kelele. Akupe majirani watakaoufurahia ushindi wako, na wewe moyo wa kuwalilia wakifungwa. Na siku utakaposahau haya yote, maana utasahau, akuwekee karibu mama wa mtu, mwenye mkono mzito, akupige mpaka ufike nyumbani salama. Amina.