Kila Daktari Mpya na Maharage Yaleyale

Nyinyi vijana mnaosomea udaktari, kaeni chini mnisome mpaka mwisho, na asiruke mtu mstari. Mkija likizo hapa Rumonge mnanieleza kwamba daktari hamalizi kusoma, kwamba hata akishapewa cheti hurudi kufundishwa tena na tena. Mnanieleza kana kwamba ni habari mpya. Mimi nimefundisha madaktari kwa mikono hii, wakati huo sijui hata herufi moja. Hizi ninazoandika nimejifunza uzeeni. Mkikuta kosa, litengenezeni kimya kimya.

Ilikuwa wakati wa Wadachi, hao Wajerumani. Ugonjwa wa malale ulikuwa umeingia ukingo wetu wote wa ziwa, kutoka Muhuta mpaka Nyanza. Mtu mzima alisinzia akila, tonge mkononi, na baada ya miezi tunamzika. Serikali ikatuamuru kufyeka vichaka vya majini walikokaa mbung'o, inzi wanaoueneza, ikajenga na kambi ya wagonjwa: vibanda vya nyasi, nyumba ya daktari, na baraza ya kudungia sindano. Wasaidizi walipita wakishika watu shingo, kutafuta tezi zilizovimba. Wanaume walikubali. Wanawake walikataa, na walikuwa na haki. Nani angetaka kushikwa shingo na mwanaume asiyemjua, mbele ya baba mkwe? Basi wakatafuta mwanamke wa kazi hiyo, nikachukuliwa mimi. Nilikuwa mke kijana, mume wangu mvuvi wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, na tangu zamani sikuwa na aibu.

Daktari wa kwanza alikuwa kijana ambaye ndevu bado zilikuwa zinafikiria kama ziote. Alikuja na sanduku la vitabu lililobebwa na watu wanne. Shingo alikuwa anaifinya kama anayekamua mawese. Nikamwambia kwa mkalimani, ambaye alikuwa mtu wa Ujiji, kwamba tezi haifinywi, inapapaswa kwa ncha za vidole, ikuteleze kama dengu chini ya kitambaa. Alinuna siku mbili. Ya tatu akaja kuomba aweke vidole vyake karibu na vyangu. Hapo nikaona huyu anafundishika.

Lakini shida kubwa haikuwa shingo. Ilikuwa macho.

Dawa ile ya sindano ilikuwa kali. Iliua malale, ila ikizidi mwilini ilizima macho. Mgonjwa alianza kuona ukungu, kisha giza, na giza likishaingia halitoki. Ukungu ukijulikana mapema, sindano inasimamishwa, mtu anapumzishwa, na macho yanabaki. Daktari alilijua hilo kutoka vitabuni. Kwa hiyo kabla ya kudunga alimuuliza kila mtu, kwa mkalimani, macho yakoje. Na kila mtu alijibu, "Iko salama, bwana." Mkalimani akatamka, daktari akaandika, sindano ikaingia.

Siku moja mzee mmoja alijibu hivyo hivyo, akadungwa, akashukuru, akageuka na kutembea moja kwa moja juu ya ndagala walioanikwa mchangani. Haoni kitu. Daktari akakasirika, akasema watu wa huku ni waongo.

Nilimjibu kwamba si waongo. Kwetu mkubwa akikuuliza habari, unajibu ni nzuri. Hata kama umetoka kuzika, kwanza nzuri, mengine yatafuata mkishakaa. Mtu hasimami kwenye mstari, watu wote wakimsikia, akaanza kumlalamikia mgeni. "Wewe unawauliza ugonjwa," nikamwambia, "wao wanakusalimia."

Akauliza, sasa afanye nini. Nikaleta ungo, nikamwaga maharage, nikachanganya na vijiwe vidogo vya rangi ileile. Nikasema kila atakayekuja kudungwa achambue kwanza. Asiulizwe neno. Atakayeacha vijiwe, macho yake yameanza kuharibika. Wanaume walinung'unika kwamba wanafanyishwa kazi ya jikoni, na mmoja akauliza kama baada ya hapo watapewa na mtoto wa kunyonyesha. Wakachambua. Wale wa ukungu wakajulikana, wakapumzishwa. Kwa miezi mingi hakupofuka mtu.

Daktari huyo aliitwa mara kwa mara kwenye kambi kubwa ya kaskazini, upande wa Uzige, wakubwa wao walikowakusanya madaktari vijana wasomeshwe mambo mapya. Nilidhani huko ndiko anakopeleka habari ya maharage. Meli ilipokuja kumchukua moja kwa moja, nilimfuata mpaka majini nikamwambia, huyo anayekuja, mwachie neno la ungo. Akasema ndiyo, ndiyo. Nami nikaridhika, mjinga mimi, kana kwamba sikujua mtu anayeaga hujibu vipi.

Wa pili akashuka na sanduku lake. Huyu alikuwa ametoka kusomeshwa kaskazini mwezi uleule, kichwa bado cha moto. Siku ya kwanza alikuta nyungo barazani, akauliza kwa nini hospitali imegeuzwa soko. Zikatolewa, mpishi wake akazitumia kulishia kuku. Siku ya pili alinifundisha mimi kushika shingo. Aliifinya. Siku ya tatu akawapanga watu mstari, akauliza macho yakoje, na mstari mzima ukajibu iko salama. Akaandika, amefurahi sana.

Nilimwambia. Nilimwambia asubuhi, nikamwambia mchana. Alijibu kwamba dawa ina kanuni zake, na kanuni hazitoki jikoni. Nikamwomba afungue daftari la mwenzake atafute habari ya maharage. Alifungua, hakukuta kitu, na mkalimani akanieleza chini chini: kila mstari uliandikwa macho salama, au macho yana ukungu, apumzike. Jinsi ukungu ulivyojulikana, hakuna. Yule kijana aliona haya kuwaandikia wakubwa wake kwamba amefundishwa na mke wa mvuvi. Bora angetuibia kuku. Kuku tungefuga wengine.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe. Miongoni mwa waliokuwa wakidungwa alikuwa mama yangu mzazi, aliyekuwa akikaa kwetu. Tezi yake niliikuta mimi, kwa vidole hivi, nikamwandikisha mimi. Hakutaka. Nilimwambia, mama, usipodungwa utalala tukuzike. Akaenda kwa ajili yangu.

Mwezi wa pili wa daktari huyo, tulipika maharage nyumbani, mama amechambua yeye. Mume wangu akauma jiwe. Akalitoa, akaliweka pembeni bila kusema kitu, maana ni mkwe. Tonge la pili, jiwe tena. Nikaacha kula. Nilimletea mama ungo mwingine, nikasema nisaidie haya ya kesho. Vidole vyake vilikwenda haraka kama siku zote, anacheka na wifi zangu, na vijiwe vyote vikabaki.

Siku ya sindano nilimshika mkono mpaka mbele ya daktari. Nikasema huyu asidungwe, macho yamepata ukungu. Daktari hakunifukuza, hilo siwezi kumsingizia. Aliweka sindano chini, akainama, akamuuliza mama mwenyewe, tena kwa Kiswahili alichoanza kukijua, polepole: mama, macho yako yakoje?

Mama akatabasamu. "Iko salama kabisa, mwanangu. Amahoro, amani tu. Na kwenu wazima?"

Akadungwa.

Tukarudi mpaka kwenye michikichi. Hapo nikamuuliza anataka nini, anataka nimwongoze kwa fimbo? Akasema nisimpigie kelele njiani. "Mutoto wa watu ametoka kwao mbali, ameinama ananisalimia vizuri, nami nimwambie amenipofusha? Mbele ya watu?" Nikasema ndiyo, mbele ya watu. Akasema hakunilea hivyo. Wanangu, nimegombana na wanaume wenye bunduki, na sijawahi kushindwa nilivyoshindwa na adabu ya mama yule.

Sindano iliyofuata sikuomba ruhusa. Nilitoka nyumbani na nyungo mbili za maharage na vijiwe. Nilimkalisha mama barazani, nikaweka ungo mmoja mapajani mwake, wa pili nikauweka mezani kwa daktari, juu ya karatasi zake. Nikamwambia mkalimani atafsiri kila neno, asipake mafuta. "Mwambie achambue na yeye. Akimaliza tutazame nyungo zote mbili, halafu adunge akitaka."

Mkalimani alijikuna. Sijui kwa nini yule kijana alikubali. Labda alitaka kuonyesha kwamba ni upuuzi. Akachambua kwa vidole viwili kama anayeokota viroboto, watu wanamwona, na mwanamke mmoja nyuma akasema huyu kwao hakuolewa. Alipomaliza ungo wake ulikuwa safi. Akaja kutazama wa mama. Mama alikuwa amemaliza zamani, amekunja mikono. Maharage yalijaa vijiwe.

Daktari aliokota kimoja akakisogeza mbele ya uso wa mama, upande wa kushoto. Mama hakupepesa. Akakisogeza kulia. Mama akageuza shingo kidogo, kama anayesikia inzi.

Akarudi mezani, akakaa. Alifunua daftari lake, ukurasa baada ya ukurasa, salama, salama, salama. Kisha akasema leo hadungwi mtu, nyungo zirudishwe. Akaniuliza mwenzake kwa nini hakuandika. Nikamwambia amuulize mwenzake, wanaandikiana barua.

Nikamlazimisha aandike yeye, palepale, na mkalimani anisomee. Alianza, "Nimegundua njia." Mkalimani akasita, akanitazama. Nikasema aandike hata kwamba ameugundua mwezi, ili mradi maharage yawemo.

Jicho la kushoto la mama lilikuwa limekwisha. La kulia lilibaki na ukungu. Alijua nani ameingia kwa kivuli chake na mwendo wake. Hakumlaumu daktari hata siku moja. Alimpelekea mihogo.

Na yule daktari, niseme ukweli, alifundishika. Alichelewa, lakini alifundishika. Mwishowe alikuwa anatambua mtu mwenye ukungu kwa jinsi anavyopanda ngazi ya baraza. Basi alipokuwa ameiva hivyo, mnadhani wakubwa wake walifanya nini? Wakamhamisha. Meli ikaja na wa tatu, kijana, sanduku, watu wanne. Daftari lililoandikwa maharage? Limepelekwa kaskazini, wakubwa walisome. Daktari mpya hakuliona. Nilimuuliza palepale mchangani, mizigo yake bado inadondosha maji. Akanijibu kwamba atauliza macho yao, ndivyo alivyofundishwa.

Nilichoka. Ningemletea ungo, ndiyo, ningeanza tena na dengu chini ya kitambaa, lakini huyo angechukua miezi kuiva, na sindano ilikuwa kesho yake. Tezi ya mama ilikuwa imevimba tena. Asipodungwa angelala, na akidungwa kama mwenye macho mazima, bila kupunguziwa dawa, jicho lililobaki lingezimika.

Nikarudi nyumbani. Nilimwita mume wangu, wifi zangu, na mama, nikawaambia waache kila kitu wanisikilize. Mama akaanza kusema kwamba mgeni ni mgeni. Nilimkata kauli, mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwangu.

"Kesho daktari akiuliza macho, hakuna mtu wa nyumba hii atakayejibu salama. Mama, utasema la kushoto limekufa na la kulia lina ukungu, kwa sauti, mpaka mstari wote usikie. Habari za kwao mtamuuliza akishaweka sindano chini."