Baraka Iliyovuka Barabara

Mwanangu, bado naikumbuka asubuhi ile mjini Nyeri, siku Gathogo alipofungua ghorofa yake. Uhuru ulikuwa bado mpya, na kila aliyeuza lori moja la viazi alitaka kujenga kwenda juu. Mimi nilikuwa nimeacha shule mapema, nikawa mtu wa kuzunguka, leo Karatina, kesho Kiganjo, nikiuliza kila mtu kila kitu. Wakati huo Gathogo alikuwa ameniandika kazi ya kubomoa.

Katikati ya mji palikuwa na safu mbili za maduka ya mabati, zikitazamana, zilizojengwa mji ulipokuwa bado mchanga. Kila moja ilikuwa na baraza ya mbao. Gathogo alizinunua zote. Ya kwanza tuliiangusha, akainua pale ghorofa ya mawe, laini kama yai, isiyo na baraza hata ya kukaa paka. Ya pili tulikuwa tuiangushe Jumatatu baada ya sherehe. Na kwenye baraza ya hiyo ya pili ndipo alipokaa Mzee Rashidi, fundi wa nguo. Watoto wake wote walilelewa na cherehani ile, na mahali pengine pa kuiweka hakuwa napo.

"Kijana," aliniambia nikipita na mtaimbo, "ukifika kubomoa, anza na upande ule mwingine. Huku niko na suruali ya mwalimu, na mwalimu hana ya pili."

Sasa, Gathogo alikuwa mtu wa mila. Alimleta Guka Ndirangu, mzee wa kuombea nyumba, aibariki kwa desturi yetu: mikono juu, uso ukiuelekea Mlima, makao ya Mungu. Guka akasimama katikati ya barabara, akageuka polepole, akauelekea Mlima. Ghorofa ikabaki mgongoni mwake. Mbele yake palikuwa na mabati yenye kutu na Mzee Rashidi, uzi mdomoni.

"Guka," Gathogo alinong'ona, "nyumba iko huku nyuma."

"Najua. Na Mlima uko huku."

"Lakini leo hata hauonekani. Ni mawingu tu."

"Wewe pia jana sikukuona. Ati ulikuwa umehama?"

Akaanza. Akaomba nyumba iliyo mbele yake isimame, anayefanya kazi hapo ashibe, na mkono wa kuivunja ulegee. Kila alipotua tuliitikia "thaai", yaani amani. Gathogo naye aliitikia, tena kwa sauti kutushinda, maana mtu wa kwetu akisikia baraka mdomo hujifungua wenyewe. Mzee Rashidi alitoa uzi mdomoni akasema amina.

Gathogo alipozinduka, akamsihi Guka azunguke nyuma ya ghorofa, aombe upya akiwa huko. Guka akaenda, akatazama, akarudi.

"Huko nyuma umechimba mtaro wa maji machafu," alisema. "Unataka nimwite Mungu nikiwa nimezama hadi magotini?"

Hapo mvua ikashuka. Wageni wa heshima, suti zao na kofia zao, wakaukimbilia mlango wa ghorofa, wakakuta umefungwa kwa utepe ambao hakuna aliyethubutu kuukata. Wakavuka barabara mbio. Wa mwisho kupanda barazani alikuwa Gathogo, akichuruzika maji.

"Sogeeni ndani kidogo, tajiri apite," alisema Mzee Rashidi. "Msiogope, hii haivuji. Mmeiombea wenyewe."

Jumatatu nilifika na mtaimbo wangu. Gathogo alituambia tuyaache mabati ya Mzee Rashidi yasimame, kisha akatutuma tukatafute mbao, tuiwekee ghorofa baraza.

Basi mwanangu, nawe siku moja utapewa mji uubadilishe. Usikatae kujenga, hata mimi napenda nyumba nzuri. Ila kabla hujabomoa, kaa mahali hapo siku nzima ya mvua, uone ni nani anakuja kujikinga, kisha umwulize atakwenda wapi. Mungu akujalie mikono ya kujenga, majirani wa kukusalimu, na mzee mkaidi wa kukuchelewesha kidogo. Thaai.