Hesabu Kipindi cha Kwanza

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Katika sekondari ya kata ninayofundisha huku Kyerwa, wanafunzi hunisikia kabla hawajaniona. Nilipopewa utaaluma, yaani kusimamia ratiba, mitihani na matokeo, nikasema sasa shule itanyooka. Hesabu nikaziweka kipindi cha kwanza kila siku, vichwa vikiwa bado havijachoka. Na mchelewaji yeyote haingii darasani mpaka afyeke majani ya uwanjani, nikague mwenyewe.

Basi hesabu zikazidi kudorora. Baada ya mtihani wa majaribio wa kidato cha pili, mkuu wa shule akaniagiza niandae taarifa: alama za kila mtoto, anakoishi na kazi ya wazazi wake. Nikakaa ofisini na rula na kalamu nyekundu. Watoto wa senta, pale kwenye maduka jirani na shule, ambao wazazi wao ni wafanyabiashara na watumishi waliotoka Bukoba na Muleba kama mimi, wamefaulu hesabu. Watoto wa wakulima wa ng'ambo ya bonde, wanaotembea saa nzima na zaidi, F tupu. Nikaandika: wanafunzi wa mbali hawana juhudi. Ndiyo, niliandika hivyo, kwa mkono wangu huu.

Ila kulikuwa na binti mmoja wa huko ng'ambo aliyenichanganya. Historia A, Kiswahili B, hesabu F. Baba yake, mkulima wa kahawa, alikwisha kusema mbele ya kikao cha wazazi kwamba binti akileta F hata moja kwenye mtihani wa taifa, atabaki nyumbani kupalilia migomba. Hakuwa anatania. Na mtihani ulikuwa umebaki miezi michache tu.

Nikamwita.

"Shikamoo, madamu."

"Marahaba. Hebu nieleze, kichwa kilichopata A ya Historia ndicho hicho hicho kilichopata F ya hesabu?"

Akaangalia chini. "Madamu, hesabu ni kipindi cha kwanza."

"Kwa hiyo?"

"Kipindi cha kwanza huwa tunafyeka."

"Nani kawapeleka kufyeka wakati wa hesabu?"

Nilifoka kabisa, jamani.  Adabu ilimzuia mtoto kunitaja.

Nilimruhusu arudi darasani, nikabaki naitazama ratiba ukutani, yenye saini yangu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Taarifa ile niliichana nikaandika nyingine, safari hii nikijitaja mimi. Mkuu wa shule alinung'unika, lakini akakubali: hesabu zikahamia baada ya uji wa saa nne, na kufyeka kukawa Ijumaa, shule nzima. Mada walizozikosa tulizirudia mchana, sahani za makande mapajani. Yule binti aliuliza maswali mpaka makande yangu yakapoa.

Matokeo ya taifa yalipotoka, hesabu alipata D. D ni kufaulu, na kidato cha tatu akaingia. Sijawahi kushangilia D maishani mwangu, siku ile nilipiga vigelegele ofisini.

Shule zilipofunguliwa baba yake akaja, mkungu wa ndizi umefungwa nyuma ya baiskeli. Alikuja kushukuru. Nikashindwa kuupokea.

"Mzee wangu, mimi ndiye niliyekuwa namnyima hesabu," nikamwambia, nikamweleza yote. Nilitegemea atanigombeza, na ningestahili.

Akavua kofia. 

"Na mimi, madamu, kila asubuhi nilikuwa namtuma maji mara mbili kabla hajaondoka. Kuchelewa kwake kulianzia kwangu."

Tukatazamana. Yeye ndiye aliyesema tumwite binti. Huku kwetu mtu mzima hamwombi mtoto msamaha; akikosea hunyamaza, yakaisha. Lakini tulisimama pale nje ya ofisi, baba yake na mimi, tukamwambia samahani. Nililia, sioni haya kusema. Hadi leo namshukuru Mungu kwa ajili ya mtoto yule, aliyenirekebisha bila kunivunjia heshima.

Yeye alipiga magoti kama alivyolelewa, akasema asanteni.

Asante ya nini, mwanangu? Wa kupiga magoti tulikuwa sisi.