Mfumo wa Pili wa Mhasibu

Mhasibu hafungui kompyuta yake bila kwanza kuipuliza na kuipangusa kwa mkono wa shati, kama mtu anayemfuta mtoto makamasi. Ndani yake kaweka mifumo miwili ya kuiendesha: wa zamani, anaouita utumwa, na mpya, anaouita ukombozi. Ila ukombozi hautoi sauti, na intaneti hauioni mpaka upate draiva, programu ndogo ya kuutambulisha kwa kifaa. Draiva yenyewe iko kwenye intaneti. Basi hurudi utumwani kimyakimya, akaipakua, akaihamishia kwenye flashi, akarejea kwenye ukombozi, akaguna. Imekataa. "Bado kidogo tu, mama watoto," humwambia mkewe, vidole vinene vikipapasa kibodi. Mkewe huendelea kukunja nguo. Hiyo kidogo tu keshaizoea.

Jumapili walikuja wafanyakazi wenzake, na kompyuta ikawaka bila ubishi: intaneti ipo, muziki unalia, nembo ya mfumo mpya imejaa kioo kizima. Mhasibu akawahubiria uhuru mpaka chai ikapoa. Mmoja akaomba awekewe na yeye hapohapo. Lakini Mhasibu alipoizima, kompyuta ikatoa mlio wa kuaga wa mfumo wa zamani, ule ule wanaousikia wote ofisini kila jioni. Akakohoa kuuficha, akawa amechelewa. Wageni wakatazama vikombe vyao.

"Ile picha ya nembo jamani nzuri," akasema mkewe, akiwaongezea chai ya moto. "Na yenyewe haikutaka draiva."