Siku Tatu za Ugeni Maskati na Kanda za Bi Mwanakheri

Kilichonitoa Pemba ni kanda tisa za video. Mimi ni mkutubi wa chuo kidogo cha wauguzi, na kanda hizo nilizirekodi mwenyewe katika miaka ya tisini, kwa kamera ya kuazima, Bi Mwanakheri alipokuwa bado hai na akifundisha ukunga. Vifaa hakuwa navyo. Alikuwa na mwanasesere wa matambara, nyonga aliyoishona kwa gunia na kadibodi, na mikono yake. Kwa mikono ile alionyesha namna ya kumpokea mtoto aliyetanguliza matako, mahali ambapo daktari yuko mbali na gari la wagonjwa halina mafuta.

Bi Mwanakheri akafariki. Kanda zetu zikaliwa na ukungu kabatini, mpaka ukizitia kwenye deki huoni ila chenga. Mwaka huo niliosafiri, katika miaka ya elfu mbili, somo la ukunga alikabidhiwa Asya, msichana hodari aliyekwisha kuzalisha wengi, lakini mtoto wa matako hajapata kumshika. Muhula ulikuwa uanze baada ya wiki mbili.

"Kitabu nimekisoma, kaka Khamis," aliniambia. "Mikono ndiyo sijaiona."

Nikakumbuka kwamba zamani niliwahi kupeleka nakala za kanda zile Maskati, kwa Thuwayba, mtoto wa mama yangu mdogo, anayefanya kazi katika maktaba ya chuo kimoja huko. Nakala hizo ndizo pekee zilizobaki duniani. Nilipompigia simu, sikuzitaja. Kwetu, kumwambia ndugu yako kwamba unamwendea kwa haja ni sawa na kumwambia kwamba bila ya haja usingekwenda. Nikamwambia nakuja kuwatazama, basi.

Jumamosi, adhuhuri, nilishuka Maskati. Joto lilinipokea mlangoni mwa ndege, la ukame, lisilotoa hata jasho. Thuwayba alikuwa akinisubiri na gari, amevaa abaya, amenenepa kidogo na amekuwa mtu mzima. Tulikwenda mpaka kwao Khuwair ya Kusini huku akiniuliza watu wa nyumbani mmoja mmoja, nani yuko hai, nani kafa, nani kaoa tena. Mimi sikuulizwa kilichonileta. Mgeni haulizwi kabla ya siku tatu kupita, na mgeni mwenye adabu naye hasemi.

Nyumbani mama yangu mdogo, Bi Zeyana, alikuwa amekaa juu ya zulia, mbele yake sinia ya wali wa kabuli. Aliondoka Unguja msichana, lakini Kiswahili chake kimekaa pale pale alipokiacha.

"Nnakuona umekonda, mwanangu," alisema. "Huko hamli?"

"Tunakula, mama."

"Basi kula tukuone."

Thuwayba akaniambia amechukua ruhusa kazini siku tatu kwa ajili yangu. Nilifurahi, na niliona haya. Mfukoni nilikuwa na karatasi yenye majina ya kanda tisa, nimeyaandika kwa mkono ili nisisahau hata moja. Nikaiacha humo humo.

Jumapili, Matrah. Bi Zeyana alitaka kunionyesha soko, akanishika mkono kama mtoto, tukapenya vichochoro vya vitambaa na uvumba, huku akigombana na kila muuzaji kwa Kiarabu na kunitafsiria matusi. Tulipokwisha tukakaa ukingoni mwa bandari kunywa chai ya maziwa. Hapo ndipo Thuwayba alipogusia kazi yake, kwa bahati tu, kwa sababu simu yake ililia na ilikuwa ya kazini.

"Wiki hii maktabani hakukaliki," alisema. "Kanda tunaachana nazo. Sasa kila kitu kimo mtandaoni. Mwanafunzi anakaa kwenye kompyuta, anabonyeza, anatazama somo lake. Hapana kuazima, hapana kurudisha."

Nikamuuliza kila kitu kweli. Akasema kila kitu, wallahi.

Nilisikia raha ambayo nikiikumbuka leo najichukia. Nilimwona Bi Mwanakheri na mwanasesere wake ndani ya kompyuta za Maskati, safi, hakuna chenga wala ukungu. Nikasema moyoni: basi hapana haraka, siku tatu zikiisha nitamwomba anitolee nakala. Mdomo ulikuwa umekwisha kufunguka kutaja kanda. Bi Zeyana akanisogezea sahani ya halua, nikaufunga kwa halua.

Jumatatu, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos. Tulialikwa chakula cha mchana kwa jamaa mmoja wa Bi Zeyana, katika nyumba kubwa yenye bustani iliyokatwa kama nywele. Tulikaa muda wa saa nne. Tulizungumza karafuu, maradhi ya sukari, na mkoko uliokatwa nyuma ya nyumba ya mtu niliyekuwa simjui. Kabla hatujatengewa chakula, simu ya Thuwayba ililia tena. Akaitazama, akaizima, akaitia mkobani.

"Kazini," alisema. "Watangoja. Mgeni haji kila siku."

Niliona amenitukuza. Nilimshukuru.

Jumanne, asubuhi, siku tatu zilikuwa zimekwisha. Baada ya chai nilitoa karatasi yangu. Nilimweleza Thuwayba habari za Asya, ukungu, na muhula unaoanza. Akaisoma, akaikunja, akasema twende maktaba sasa hivi, jambo dogo. Bi Zeyana alinilaumu kidogo.

"Siku zote hizi umekaa na neno moyoni, ukatuacha tunakulisha halua?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Maktabani kulikuwa na baridi ya kiyoyozi mpaka nikakunja mikono. Thuwayba alinikalisha mbele ya kompyuta, akaandika neno lake la siri, akaniambia nitaje somo lolote. Nikasema mtoto wa matako. Kioo kikajaa picha ndogo ndogo. Akabonyeza moja, nayo ikaanza: chumba cheupe, taa kubwa, wataalamu watano na mashine mbili zilizokuwa zikilia taratibu. Maelezo yalikuwa ya Kiingereza. Kila kitu kilionekana vizuri isipokuwa mikono, maana migongo ya wataalamu ilikuwa imeiziba.

"Inatoka wapi picha hii?" nilimuuliza.

"Mbali. Hatuna sisi. Tunailipia kila mwaka, inakuja unapoitazama, ukimaliza imekwenda."

"Haikai?"

"Haikai. Ndiyo uzuri wake, haili nafasi."

"Sawa. Sasa nionyeshe za Bi Mwanakheri."

Akaandika jina lile kwa Kiarabu, kisha kwa Kiingereza, kisha akaandika Pemba. Kioo kikabaki kitupu. Akaandika tena, polepole, kana kwamba kompyuta ndiyo iliyokosea.

"Hizo hazimo, kaka," alisema.

"Si uliniambia kila kitu kimo?"

Hapo akanieleza walivyofanya, naye alikuwa akinieleza huku akitazama vidole vyake. Walichukua daftari la kanda, wakalilinganisha na orodha ya video mpya, somo kwa somo. Homa ya matumbo, ipo mtandaoni, basi kanda yake itoke. Kuvunjika mfupa, ipo, itoke. Mtoto wa matako, zipo sita, basi zote za zamani zitoke. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyefundisha ndani yake. Mimi mkutubi, nayajua makosa haya. Kwetu vitabu vingi nimevitoa kwa njia hiyo hiyo.

"Wapi zilikwenda?"

"Zilikuwa kwenye maboksi hapo uani. Toka Jumamosi."

Tukatoka uani. Palikuwa patupu, na sakafuni alama za maboksi katika vumbi, miraba safi iliyopangana. Mfanyakazi mmoja alisema lori lilikuja jana adhuhuri. Walimpigia simu Thuwayba kumuuliza kama kuna kitu cha kubakisha, hakupokea, wakapakia.

Thuwayba akakaa kwenye ngazi, na abaya yake, juu ya vumbi. Adhuhuri ya jana tulikuwa Madinat Sultan Qaboos tunasifu bustani.

"Nilikuwa na wewe," alisema.

Siku tatu kanda zilikaa uani, hatua chache kutoka mezani kwake, na siku hizo hizo mimi nilikuwa ninakula kwao na karatasi ipo mfukoni.

Mchana huo alinipeleka jaani, nje ya mji, baina ya vilima vya mawe. Nilimwambia hapana haja, akaendesha tu. Mlinzi wa pale, mzee wa Kibaluchi, alimsikiliza kwa makini, kisha akatuonyesha kwa fimbo mahali ambapo tingatinga mbili zilikuwa zikisukuma mchanga. Mzigo wa jana umekwisha kufukiwa, alisema. Thuwayba alimbembeleza mpaka sauti ikamkauka. Mzee alituletea maji ya baridi, akasema kuchimba hakuruhusiwi, na hata kanda zikichimbuliwa, hazitafaa. Tulikunywa maji, tukasimama mpaka tingatinga zilipozimwa kwa sala ya alasiri, tukaondoka.

Garini Thuwayba alilia. Aliniambia atanipa neno lake la siri niende nalo Pemba, na lawama ataibeba. Nikamwambia nalichukua, ili apate kunyamaza. Jioni tulipouliza, mtu wa kompyuta alituambia kwamba hata nikilichukua, nje ya chuo chao video hazifunguki. Na kwetu mtandao wenyewe ulikuwa unapita kwenye waya wa simu, picha moja ya uso inakuja kuanzia nywele na unakunywa chai kabla haijafika kidevuni.

Alkhamisi, safari ya kurudi. Bi Zeyana alinifungia halua, uvumba na kanga za kuwagawia watu. Mlangoni alinishika kichwa, akanisomea dua ya safari, kisha akaniambia kwa sauti ya chini: "Ungesema, mwanangu. Siku ya kwanza ungesema, mimi mwenyewe ningekwenda nikayakalia yale maboksi." Nilimwamini. Mpaka sasa namwamini, na ndilo linaloniuma zaidi ya yote.

Pemba niliingia Jumamosi. Nilichojifunza Maskati ni kidogo, na kimeniharibia jina. Siku hizi nikifika kwa watu naitaja haja yangu mlangoni, sijavua hata viatu. Wapo wanaosema mkutubi hana adabu. Waseme. Na kitabu au kanda siitoi kabla ya kuifungua na kumtazama aliyemo.

Asya alikuwa akinisubiri chuoni, ameshafuta vumbi juu ya deki. Nilipomwambia, akasema: "Lakini wewe ulikuwepo, kaka Khamis. Ulisimama naye chumbani kanda zote tisa. Nionyeshe."

Tukamtoa mwanasesere wa Bi Mwanakheri kabatini, matambara yake yamegeuka rangi. Nikaanza. Nilikumbuka kwamba hamvuti mtoto, anangoja. Nilikumbuka kitambaa anachomfunika nacho kiunoni ili asishikwe na baridi. Nilikumbuka hata anavyosema na mama huku akingoja.

"Sasa mkono wa mtoto umekwama juu," alisema Asya. Kalamu ilikuwa tayari. "Yeye alianza kumgeuza upande gani?"

Nilimshika mwanasesere, nikamgeuza huku, nikamgeuza kule. Hapo, katika kanda ya tano, niliisogeza kamera kwenye uso wa Bi Mwanakheri, kwa kuwa alikuwa akitabasamu na nilipenda anavyotabasamu. Nilijua kwamba nikiitaka mikono, katika kanda ya sita angelirudia jambo hilo hilo.

"Sijui," nilimwambia.

Asya akaacha nafasi tupu katika daftari lake, mistari mitatu, akaniuliza kinachofuata.