Thelathini ya Huku Kwetu

Nilisoma hadi darasa la nne, na wote niliosoma nao ninayo majina yao kichwani, waliokufa na walio hai. Siyaandiki hapa. Nasema tu kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyesema "thelathini." Tulisema "selasini." Mwalimu wetu, aliyezaliwa kihamba cha pili kutoka kwetu, shamba la ukoo katika migomba hii hii, naye alisema "selasini," na hesabu zikatoka. Fimbo alikuwa nayo, simtakasi. Lakini alitusikia.

Sasa mjukuu wangu yuko darasa la pili. Anakaa kwangu, anasoma shule ya hapa chini ya kanisa. Mwaka huu watu wa mradi walileta vishikwambi. Ni kioo kama cha simu, ila kipana; mtoto anakisomea, nacho kinamsikiliza na kumwambia amepata au amekosa. Mwanangu, baba wa mtoto, alipopanda na mkewe Jumapili kutoka Moshi mjini alikisifu mpaka chai ikapoa.

"Mama, huko mbele hakuna tena mwalimu wa kusimama na chaki. Kila mtoto na mashine yake. Mashine haichoki, haigombi, haina upendeleo."

"Na kusikia, inasikia?"

"Inasikia kuliko wewe!"

Akacheka na mkewe. Nikawaacha, nikaendelea kumenya ndizi zangu.

Haukupita muda mtoto akaanza kunyamaza. Huyu alikuwa anasoma kila chenye herufi: boksi la sabuni, pakiti ya majani ya chai, mfuko wa pumba za ng'ombe, tena kwa kelele. Akaacha. Nikimpa kitabu cha nyimbo anachezesha midomo tu. Nikambana.

"Bibi, mimi niko kundi la wasiojua kusoma."

"Nani kasema?"

"Kishikwambi."

Na aliye kundi hilo, asipotoka hadi shule kufungwa, anarudishwa darasa la kwanza. Mtoto anayenisomea Zaburi nikiwa nimepoteza miwani! Kesho yake nikajifunga kitenge cha kanisani, nikateremka naye.

Mwalimu wake ni binti mdogo, mpole, kwao Rombo. Aliniamkia vizuri, shikamoo bibi, akaniletea kiti. Nikamwambia sikuja kukaa, amsomeshe mtoto nione. Kioo kikatoa maneno, mtoto akasoma: "Kaka ana kuku selasini." Kikalia kama chura, maneno yakawa mekundu. Akarudia. Kikalia tena. Mtoto akatazama miguu yake.

"Mwalimu, amekosa nini hapo?"

"Hajakosa, bibi. Ni matamshi. Kinataka "thelathini" ile ya pwani."

"Wewe unaiweza?"

Akacheka kwa aibu. "Nikijisahau nasema kama ninyi."

"Lakini umemsikia akisoma?"

"Nimemsikia. Anasoma vizuri kuliko wengi."

"Basi andika hivyo."

"Niandike wapi, bibi?"

Nilidhani ananitania. Akanigeuzia kile kioo, akapapasa kwa kidole huku na huku: jina la mtoto, alama ya mashine, kundi. Mahali pa mwalimu kuandika alichosikia hapakuwapo. "Mfumo ndio unapanga," akasema. "Ukishapanga, mimi siwezi kuugusa."

Mfumo! Neno hilo limenichosha. Ukienda benki mfumo uko chini, ukienda zahanati mfumo umekataa, na kwake hakujulikani nikambishie hodi. Lakini benki nitarudi kesho. Mtoto akishaamini kwamba hajui kusoma, atarudi wapi? Binti wa watu amesomeshwa, wazazi wameuza kahawa na pengine ng'ombe, amemaliza chuo, ana masikio mawili mazima, halafu hapewi hata mstari mmoja wa kusema nimesikia!

Mwanangu anatabiri. Na mimi natabiri basi, kwa kuwa kutabiri hakutozwi kodi. Mkiliacha jambo hili lilivyo, watoto wote watasema kama mtu mmoja ambaye hakuzaliwa huku, na atakayeshindwa atanyamaza, kisha mtamwita mzito. Mwalimu mtamweka awe mlinzi wa getini, kazi yake kufungua na kufunga. Sisemi mashine isifundishe. Ifundishe, hata usiku kucha kama haichoki. Ninachokataa ni iwe yenyewe tu yenye haki ya kusema nani anajua na nani hajui.

Hayo yote sikumwambia yule binti. Kosa si lake. Nilimwambia hivi: "Kama pa kuandika hakuna, mdomo unao. Mwambie mwenyewe."

Akachuchumaa, akawa sawa na mtoto. "Umesoma vizuri sana," akamwambia. "Hujakosa hata neno moja."

Mtoto hakumtazama. Alitazama kioo kwanza, aone kama kimekubali.

Nikakichukua kishikwambi mkononi mwa binti, nikakilaza kifudifudi juu ya meza.

"Mwalimu," nikasema, "rudia."